Somo la Siku ya Nne

Bunia, tarehe 3 mwezi wa pili 2025

Prof Théodore,

Sijui kama utanikumbuka. Mimi ni Godelive wa Bule, ule wa banc ya tatu karibu na dirisha ya kuvunjika. Ulikuwa unaniita "Mama Haraka" juu nilikuwa naleta copie mbele ya wengine wote, na cote, zile pointi ulikuwa unatia, ilikuwa kila mara mubaya. Tangu tulikimbia mwaka 2018 sikusikia jina yako tena. Nilisema basi, Prof alikufa.

Sasa wiki iliyopita Alphonse, motard mwenye anapeleka mizigo Boga na moto yake, ile pikipiki nyekundu, aliniambia kule kuko muzee mumoja hasikii na masikio, anafundisha watoto hesabu juu ya mulango wa zamani. Anapaka ule mulango na unga mweusi wa pile za redio. Nikamuuliza anafuta na nini. Akasema: na kofia yake. Eh! Nililia pale pale kwenye parking ya moto, watu wananiangalia.

Mimi niko huku Bunia, mu site ya wenye kukimbia vita. Mwaka wa saba huu tuko chini ya bâche, turubai tu. Mama alizikwa hapa. Bwana yangu alienda kuchimba zahabu Mongbwalu, na tangu miaka mbili simu yake haiite. Nafundisha darasa ya sita ya primaire, lakini directeur amesema wazi: bila diplôme d'État, ile ya kumaliza secondaire, mwezi wa tisa ananiondoa. Nimejiandikisha examen kama autodidacte, mwenye kujisomea peke yake. Masomo mengine najikaza. Hesabu ndiyo inaniua.

Angalia hii, Prof:

½x² + ⅓x − ¼x² + ⅙x

Nimezidisha yote na 12, nikafukuza sehemu zote: 6x² + 4x − 3x² + 2x. Ikatoka 3x² + 6x. Nikagawa na 3: x² + 2x. Safi kabisa! Lakini jibu ya nyuma ya kitabu inakataa. Nani anadanganya, kitabu ao mimi?

Mwanafunzi wako,
Godelive


Boga, tarehe 16 mwezi wa pili 2025

Mwanangu Godelive, Mama Haraka,

Nimeisoma barua yako mara nne, chai ikapoa. Nakukumbuka vizuri. Na dirisha lile mlilivunja wewe na Nadège, usijifanye umesahau.

Kitabu hakidanganyi. Weka x = 2 katika zoezi lenyewe: utapata 2 + ⅔ − 1 + ⅓, yaani 2. Sasa weka x = 2 katika jibu lako: 4 + 4, yaani 8. Kitu chenye thamani ya mbili umekigeuza nane, kisha unakiita safi! Haraka yako ni ileile.

Sikiliza. Kufukuza sehemu ni sheria ya équation. Équation ni kama baiskeli iliyobeba ndizi huku na huku: ukiongeza upande huu na upande ule uongeze vilevile, nayo haianguki. Lakini hii yako si équation. Tafuta alama ya sawasawa, haipo. Hakuna upande mwingine. Hii iko peke yake, na kitu kilicho peke yake huwezi kukizidisha kwa kumi na mbili kisha ukaenda zako. Sehemu zake usizifukuze, zipatanishe. Za x² zikae pamoja: ½ − ¼ ni ¼. Za x zikae pamoja: ⅓ + ⅙ ni ½. Jibu ni ¼x² + ½x. Si zuri kwa macho, lakini ni la kweli.

Usinipigie simu. Kwinini iliua masikio yangu. Andika, na kila barua uweke zoezi moja ndani. Kiswahili chako ni cha Bunia na sitakikosoa, nakosoa hesabu tu.

Mke wangu, Mama Madeleine, anakusalimu. Anasema ule vizuri, ulikuwa mwembamba kama kalamu.

Théodore


Bunia, tarehe 2 mwezi wa tatu 2025

Prof wangu,

Aksanti, na pole juu ya masikio. Nilisoma mpaka pale ulisema "hakuna upande mwingine", nikafunga barua kwanza. Ile neno iliniuma, na ilikuwa ya hesabu tu. Hapa site watu iko mingi, bâche inagusa bâche, nasikia jirani akikohoa. Lakini mwenye kuniuliza "Godelive, umeamka je?" hakuna. Barua yako ndiyo ya kwanza kuandikwa na jina yangu juu yake tangu Bule.

Sasa jambo ya haya. Mangaribi wasichana wa secondaire wanakuja kwangu niwasaidie. Miaka tatu nawafundisha kufukuza sehemu mu kila zoezi, iko na sawasawa ao haiko. Mumoja alipata zéro na akaniambia mwalimu wake ndiye hajui! Nikakubali!

Na hii njia, Prof, ulitupatia weye mwenyewe. Iko mu daftari yangu ya Bule, na mwandiko yangu ya zamani: "Zidisha yote, fukuza dénominateurs." Siku ya tatu. Kisha ukurasa iko nyeupe.

Daftari ndiyo kitu moja nilibeba. Unisalimie Mama Madeleine sana. Umwambie bado ni kalamu.

Godelive


Boga, tarehe 20 mwezi wa tatu 2025

Mwanangu,

Nilichelewa kujibu kwa sababu ya aibu.

Programu inasema: polynôme kwanza, yaani zile zisizo na alama ya sawasawa kama yako, équation baadaye. Mimi niligeuza. Mlikuwa mmechoka, njaa ilikuwa nyingi mwezi ule, na équation mliipenda kwa kuwa inaisha na jibu moja. Nikasema niwape kwanza kitu kitamu. Siku ya tatu niliwafundisha kufukuza. Siku ya nne, Alhamisi, saa mbili asubuhi, ningewafundisha mahali ambapo kufukuza ni marufuku. Somo lilikuwa tayari, nimeliandika kwenye karatasi moja. Alfajiri ya Alhamisi hiyo tulikuwa njiani na magodoro kichwani.

Darasa lenu lilikuwa na watu thelathini na wanane. Kwa hiyo wako watu thelathini na wanane duniani waliobeba nusu ya somo langu. Wako wapi, Godelive? Ukimsikia hata mmoja, niandikie jina lake. Karatasi ile bado ninayo. Nilisahau cheti changu cha ualimu, ile sikuisahau.

Mama Madeleine yuko hapa anachambua maharagwe, anasema nisikuchoshe na mambo ya zamani. Haya, nimekuwekea mazoezi kumi. La saba lina mtego.

Théodore


Bunia, tarehe 29 mwezi wa sita 2025

Prof,

Kesho naingia examen. Hii ni barua yangu ya kumi na moja, nimezihesabu, na zako kumi ziko chini ya muto. La saba halinitegi tena, hata ukiliandika kichwa chini.

Uliniuliza ya wale thelathini na wanane. Wawili najua kaburi zao. Wengine sijui. Bunia ni kubwa, kila mutu anakimbilia mukate wake.

Ombea mimi. Niko na woga mbili. Moja ni ya kuanguka, juu nikianguka kazi imekwisha. Ingine nitakuambia kiisha.

Godelive


Bunia, tarehe 17 mwezi wa nane 2025
(Barua hii haikutumwa. Ilikunjwa ndani ya daftari ya Bule.)

Prof, NIMEPITA! Cinquante-huit pour cent, hamsini na nane kwa mia! Wasichana wangu wamenipaka poudre ya kushangilia mpaka kwenye nyusi, siye wote tunapiga kelele, directeur amekuja mwenyewe kunishika mukono. Nabakia kwa kazi.

Ile poudre nilinawa, nikakaa, nikachukua bic nikuandikie. Na hapo woga ya pili ikaingia. Tuliandikiana juu ya examen. Sasa examen imekwisha. Utasema "hongera, mwanangu", utaweka sahihi, basi. Weye uko na Mama Madeleine na watoto wa mulango mweusi. Mimi niko na nani? Kila mara Alphonse akileta barua yako na kuzima moto yake mbele ya site, moyo yangu inaruka kama ya mutoto. Nikituma hii barua, ataizima kwa wengine.

Apana. Siitumi.


Bunia, tarehe 17 mwezi wa nane 2025

Prof wangu,

Matokeo imetoka. Sikupita. Ni hesabu. Usihuzunike, nitarudilia mwaka unakuja, kwa hiyo tutaanza tena toka mwanzo, wewe na mimi, pole pole.

Nakuwekea zoezi: ¾x² − ⅖x + ½x² + ⅒x. Nimezidisha na 20, nimepata 25x² − 6x. Iko sawa?

Godelive


Boga, tarehe 4 mwezi wa tisa 2025

Mwanangu Godelive,

Si sawa. Ni 5/4 x² − 3/10 x. Umefukuza tena.

Nimeelewa sasa. Miezi sita nakukosoa, wewe unajibu vizuri, lakini mbele ya examen mkono umerudi kule kule nilikoufundisha kwanza. Kitu cha kwanza mtu anachofundishwa hakitoki. Si wewe uliyeanguka. Ni mimi niliyekuangusha, tangu Bule, kwa kugeuza programu ili nipendwe na watoto.

Nimeuosha mlango ule. Nimeurudisha kwenye chumba cha nyuma, mahali pake. Watoto nimewaambia waende kwa mwalimu mwingine, na kama hayupo, basi. Afadhali mtu asifundishwe kuliko kufundishwa nusu.

Umepoteza kazi kwa ajili yangu. Nisamehe kama unaweza. Usinitumie mazoezi tena.

Théodore


Bunia, tarehe 14 mwezi wa tisa 2025

Prof! Prof wangu, rudisha mulango!

NILIPITA. Nilidanganya. Nakuwekea barua ya kweli ya tarehe 17, ile nilificha mu daftari, uisome na macho yako, na kopi ya matokeo. Lile zoezi nilikosea kwa kusudi, nilijua jibu. Niliogopa tu utaacha kuniandikia. Sikufikiri itakuchoma weye. Mimi ni mupumbavu, Prof, mupumbavu na haraka yangu. Ulinifundisha vizuri. Kazi niko nayo.

Tarehe 30. Alphonse amerudi na hii barua mukononi. Barabara imefungwa mbele ya Gety. Nimejaribu simu ya parokia ya Boga, réseau hakuna. Nafikiri uko unaangalia ule ukuta mahali mulango ulikuwa, na kosa ni yangu.

Tarehe 11 mwezi wa kumi. Bado imefungwa. Kila asubuyi napita parking kumuuliza Alphonse, mpaka akiniona mbali anatingisha kichwa.

Tarehe 22. Prof, sikiliza hii! Jana tulikuwa na kikao ya walimu kule Mudzipela. Mama mumoja, mwembamba, kitambaa ya bleu, ameitwa mbele arahisishe polynôme ya sehemu. Akaandika: "Tunazidisha yote na 12, tunafukuza." Watu wakaanza kumucheka. Mimi nikasimama. Nikasema: "Mama, weye ulitoka Bule. Darasa ya troisième ya Prof Théodore." Chaki ikaanguka. Alikuwa Denise! Denise wa banc ya mbele, ule alikuwa anaimba! Miaka saba tulikuwa mu muji moja, yeye Mudzipela, mimi site, na hatukujuana.

Tulishikana mpaka kikao ikakwama. Na Denise anajua wapi kuko Nadège, anauza majani ya sombe sokoni. Nadège anajua Aaron, anachomelea vyuma. Aaron anajua Stéphane, nao ni wa darasa yetu. Leo nimezunguka kwao wote na zoezi yako ya kwanza. Aaron aliifanya na chaki juu ya bati. Wote, Prof, WOTE wamejibu x² + 2x! Stéphane akaapa kitabu kinadanganya. Tulicheka.

Tuko watano. Tunataka lile somo ya siku ya nne.

Alphonse anasema kesho anajaribu kupitia njia ingine. Mungu amupitishe.

Godelive


Boga, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2025

Godelive,

Nilipofungua bahasha yako nilikasirika, tena sana. Wiki nane! Wiki nane nimepita mbele ya nyumba za wale watoto nikiinamisha kichwa. Kama ungekuwa hapa ningekupigisha magoti kwenye changarawe, diplôme na yote.

Hasira ilipokwisha nilisoma ile barua uliyoificha. "Weye uko na Mama Madeleine." Hapo nikaona kwamba sina haki ya kukukasirikia.

Madeleine alikufa mwaka 2022, mwezi wa nne. Hakuwahi kukusalimu katika barua hizi. Ile ya kalamu alisema kweli, lakini alisema kule Bule. Maharagwe nachambua mwenyewe. Nilipomaliza barua ya kwanza kwako niliangalia chini, nikaona jina moja tu, na barua ikaonekana ya mtu maskini. Nikamwongeza. Kisha wewe ukamrudishia salamu, na nikazisoma kwa sauti ndani ya nyumba. Siisikii sauti yangu, lakini nilizisoma. Baada ya hapo sikuweza kumwondoa. Basi, wewe ulidanganya mara moja, mimi mara kumi. Tusameheane.

Denise! Aaron! Nimeyaandika majina matano ukutani kwa mkaa.

Siwezi kuja. Magoti hayapandi pikipiki, na barabara mnaijua. Kwa hiyo tutafanya hivi. Nimekuwekea karatasi ile, yenyewe, si kopi. Siku ya nne, tarehe 20, saa mbili asubuhi, simama mbele yao uifundishe. Anza na appel, uite majina yote thelathini na manane, orodha iko nyuma ya karatasi. Saa hiyohiyo mimi nitasimama hapa Boga mbele ya mlango wangu, umesharudi nje na umepakwa upya, na nitaandika mstari kwa mstari kitu kilekile. Kwa masikio yangu darasa tupu na darasa lililojaa ni mamoja. Mnachofanya upande wenu nitakifanya upande wangu.

Watoto wa hapa watarudi wiki inayofuata. Siku hiyo ni ya Bule.

Na mazoezi ya uongo usiniletee tena. Ukitaka kuniandikia, niandikie tu.

Théodore, peke yake


Bunia, siku ya nne, tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 2025

Prof wangu,

Tulikutana kwa darasa yangu. Nadège alifunga meza yake ya sombe, Aaron alikuja na miwani ya kuchomelea juu ya kichwa. Walikaa mu bancs ya watoto wa primaire, magoti inagusa kidevu.

Saa mbili kamili nikaanza appel. Majina thelathini na nane. Tano walisema "présent", na mimi mumoja wao nilijiitikia. Kwa wale ingine niliacha kidogo, kama ulikuwa unafanya mutu akichelewa. Ilichukua muda murefu. Denise alilia, Stéphane alikuwa anaangalia mulango.

Kisha nikafundisha. Karatasi yako imeanza kukatika kwenye mukunjo, nimeigundisha na scotch. Nilipofika pale umeandika "Hapa hatufukuzi mutu", Aaron akasema: "Prof aliandika 'mutu'?" Tukaangalia. Kweli, uliandika mutu, wakati ulitaka kuandika sehemu. Sikukosoa. Niliiandika hivyo hivyo ubaoni.

Copies zao ine ziko mu bahasha, zitie cote. Yangu haiko. Barua hii haina zoezi, Prof. Nakuandikia tu.

Mvua ilinyesha asubuyi na bâche haikuvuja. Nimekula lengalenga na bugali kwa Denise, ananiambia nirudi siku ya yenga, kiisha misa. Wanakusalimu Denise, Nadège, Aaron na Stéphane, na hao wote wako wazima, wamekaa hapa wananiangalia nikiandika. Kwa kumukumbuka Mama Madeleine tulisimama kidogo, siye wote. Pole, Papa.

Saa tatu nilifuta ubao. Nilifuta pole pole, nikafikiri nawe uko unavua kofia.

Umeamka je?

Godelive